MVUKE WA CHINI YA ARDHI: TUULIZE SASA, TUSINGOJE KUULIZA BAADAYE

Ndugu Wafanyakazi,

Maneno ni mengi siku hizi juu ya stima inayotoka chini ya ardhi. Redioni twasikia Olkaria, twasikia Menengai, twasikia Serikali imekopa tena kwa ajili ya visima. Na wenzetu wengi wa Meru na Embu wakisikia hayo husema, "Hayo ni mambo ya watu wa Naivasha. Sisi yatuhusu nini?"

Sisi wa reli tuliozaliwa huku twataka kujibu swali hilo, maana ni swali la haki. Jambo hili latuhusu kwa njia tatu. Kwanza, fedha iliyochimba visima ni fedha yetu, nasi twailipa hata leo kila tununuapo tokeni. Pili, mto wetu wa Tana ukipungua, ni mvuke huo unaozuia taa zisizimike. Tatu, vilima vyetu vya Nyambene vimeandikwa katika vitabu vya Serikali miongoni mwa mahali panapodhaniwa kuwa na moto huo huo chini yake. Mtu ambaye mali imo chini ya shamba lake hasemi kwamba mambo ya mali ni ya jirani.

KAZI YENYEWE NI NINI

Wazee wetu waliofanya kazi katika injini za zamani wataelewa upesi kuliko wasomi. Injini ya moshi ilikuwa na boila. Fayamani alitia kuni au makaa, maji yakachemka, mvuke ukajikusanya kwa nguvu, ukasukuma chuma na magurudumu yakazunguka. Hiyo ndiyo siri yote.

Sasa, katika Bonde la Ufa, boila imo ardhini na fayamani wake hachoki. Chini kuna mwamba wa moto uliosalia katika kazi ya volkano. Maji ya mvua hupenya katika nyufa, yakafika kwenye mwamba huo, yakapata joto la nyuzi mia mbili, mia tatu na zaidi. Watu huchimba kisima cha kilomita mbili au tatu kwenda chini, mvuke ukapanda, ukazungusha gurudumu kubwa lenye mapanga, na gurudumu likazalisha stima. Maji yanayobaki hurudishwa chini ili boila isikauke. Hakuna dizeli ya kununua Uarabuni, wala mtu hangoji mvua ya masika.

Na tazameni jinsi lugha ilivyotangulia. Sisi Wakenya twaita umeme "stima", neno la meli za mvuke. Babu zetu walilisema neno hilo kabla hawajaona hata taa moja ya Olkaria. Leo neno limekuwa kweli: stima yetu kweli ni ya mvuke.

SERIKALI NDIYO ILIYOTANGULIA

Wako watu wanaosema siku hizi kwamba Serikali haiwezi kitu, kwamba kila kazi sharti ipewe tajiri ndipo iende. Basi na waitazame Olkaria.

Visima viwili vya kwanza vilichimbwa Olkaria kuanzia mwaka 1956, wakati wa ukoloni, na havikutoa mvuke wa kutosha. Kazi ikaachwa. Baada ya Uhuru, kuanzia mwaka 1970, Serikali ya Kenya pamoja na Umoja wa Mataifa walirudi kupima na kuchimba. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza ukaanza kazi, wa megawati 15, na kufikia mwaka 1985 ilikuwa mitatu, jumla megawati 45. Kabla ya hapo Afrika ilikuwa na mtambo mdogo tu pale Kiabukwa, Katanga, uliojengwa mwaka 1952 kwa ajili ya machimbo. Mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria ya kwanza ya mali hii ya mvuke.

Halafu ikaja njaa ya mwaka 1999 na 2000. Wengi wetu tulikuwa watoto wa shule, lakini twakumbuka. Maji ya Tana yalishuka, bwawa la Masinga likaonyesha matope yake, na nchi nzima ikagawiwa stima kwa saa kama mgonjwa anavyogawiwa uji. Viwanda vilifunga na vibarua wakarudishwa nyumbani. Hapo ndipo wakubwa walipoona kwamba nchi haiwezi kuegemea mto mmoja tu. Yusufu kule Misri aliweka nafaka katika miaka ya shibe. Sisi tulikuwa tumelala katika miaka ya shibe.

Kwa nini ilibidi Serikali iingie, na wenye fedha hawakuingia kwanza? Kwa sababu kisima kimoja hula dola milioni kadhaa, ndiyo kusema mamia ya milioni za shilingi, na huwezi kujua kina nini mpaka umekwisha kulipa. Waweza kuchimba na kupata jiwe la moto bila mvuke. Tajiri haweki fedha yake mahali kama hapo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na tajiri hapendi kuinama. Kwa hiyo mwaka 2008 Serikali iliunda kampuni yake, GDC, kazi yake ikiwa kuinama huko: kupima, kuchimba, kubeba hasara ya visima vibovu, na kuuza mvuke kwa wenye mitambo. Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika, na benki za Japani, Ujerumani, Ufaransa na Ulaya zikakopesha Kenya kwa visima na mitambo.

Matunda yameonekana, nasi hatutaki kuyanyima sifa. KenGen ilifungua mitambo mikubwa ya Olkaria mwaka 2014 na 2015, ikaongeza mwaka 2019 na tena mwaka 2022. Leo mvuke wa Kenya umepita megawati 900, nao hutoa zaidi ya asilimia 40 ya stima ya nchi. Hakuna nchi nyingine ya Afrika inayotukaribia, na duniani tumo katika kumi za mbele. Kazi hiyo imefanywa kwa fedha ya umma na kwa mikono ya wafanyakazi Wakenya, mafundi wa kuchimba, wachomeaji vyuma, madereva na wapishi wa kambi. Asiyejua na ajue.

LAKINI FAIDA IKO WAPI?

Hapa ndipo penye shauri letu. Kama ni umma ulioinama mvunguni, basi kilichotoka mvunguni kiwe cha umma.

Chukua ujumbe unaoletwa na simu yako ununuapo tokeni, uusome mstari kwa mstari. Utaona tozo ya mafuta, ya mitambo ya dizeli inayowashwa wakati maji na mvuke havitoshi. Utaona tozo ya fedha za kigeni, kwa sababu mikopo na mikataba ni ya dola na yeni na yuro, na shilingi ikianguka ni wewe unayeishika isifike chini. Utaona kodi juu ya hayo yote. Mama wa Runyenjes anayewasha balbu moja na redio anasaidia kulipa deni la visima vya bondeni. Hatusemi asilipe; nchi hujengwa na wenyewe. Twasema, mwenye kulipa deni ni mwenye mali, na mwenye mali ana haki ya kuuliza bei itashuka lini.

Tena liko jambo ambalo ni aibu. Mvuke hauna usiku wala mchana, lakini watu hulala. Usiku wa manane matumizi ya stima hushuka, na mvuke wa Olkaria uliogharimu mamilioni hupulizwa hewani bure, kwa sababu hakuna wa kuutumia. Serikali iliona hasara hiyo, na mwaka 2017 ikaweka bei ya usiku ya nusu kwa wenye viwanda na biashara kubwa. Vyema. Lakini mfanyakazi wa Meru mjini anayepiga pasi saa sita za usiku baada ya zamu hajapewa nusu hiyo. Wala mkulima wa Mbeere ambaye angeweza kuvuta maji kwa pampu usiku na kumwagilia ndengu zake asubuhi.

Na sisi wa reli twauliza zaidi. Reli mpya ya kutoka Mombasa ilifunguliwa mwaka 2017, na mwaka 2019 ikafika bondeni, ikapita Mai Mahiu mpaka Suswa. Suswa ndipo nyaya kubwa za kutoka Olkaria zinapokutana. Treni ya mizigo hutembea usiku kucha. Basi pana treni ya usiku inayokunywa dizeli iliyonunuliwa kwa dola, na juu ya kichwa chake pana nyaya zenye stima ya nyumbani isiyo na mnunuzi. Je, huo ni utaratibu gani?

Hatuombi muujiza. Waethiopia walizindua reli yao ya stima mpaka Djibouti mwaka 2016. Ndugu zetu wa Tanzania walianza kusafiri kwa treni ya stima kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma mwaka 2024. Na Waitalia, walioanza mambo haya ya mvuke kule Larderello mwaka 1904 kwa kuwasha balbu chache tu, baadaye waliutumia mvuke huo huo kuendesha treni za Serikali yao. Mahali mvuke ulipozaliwa, reli ilikuwa mteja wake mkubwa. Kenya ina mvuke na ina reli, lakini vyapita kama watu wawili wasioamkiana njiani.

NJOO UWAULIZE WATU WA EMBU

Sasa turudi nyumbani. Kabla wenzetu wa Meru hawajashangilia habari za Nyambene, twawaomba washuke mpaka Mbeere wakaongee na wazee walio kando ya Tana.

Kindaruma ilianza kazi mwaka 1968. Ikafuata Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Mabwawa matano, na stima karibu megawati 600. Kwa miaka mingi nchi yote ilisimama juu ya mto huo. Viwanda vya Nairobi vilikula humo. Lakini nyaya kubwa zilipita juu ya paa za Mbeere kwenda mbali, na chini yake watoto walisoma kwa koroboi. Watu waliokaa mahali ambapo leo ni maji walihamishwa. Wengine walipewa fedha kidogo iliyokwisha kabla ya mavuno mawili. Wakaachwa na jua.

Siku hizo hakuna aliyewaambia haki yao ni ipi, wala hapakuwa na sheria ya kusema asilimia ngapi ibaki mahali mali inapotoka. Muswada wa kugawana faida za mali ya asili ulipelekwa Seneti mwaka 2014, ukapelekwa tena mwaka 2022. Kijana aliyezaliwa mwaka Kindaruma ilipofunguliwa alikuwa ametimiza miaka 54 bado anaongojea.

Wala mvuke nao haukosi kilio chake. Mwaka 2014 Wamaasai wa Olkaria walihamishwa ili mitambo mipya ipate nafasi. Walijengewa nyumba, ni kweli, lakini walilalamika juu ya ardhi waliyopewa, juu ya hati zake na juu ya barabara, mpaka malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia na benki ya Ulaya, na wapatanishi wakaletwa. Jambo moja twalisifu katika habari hiyo: walikaa pamoja, wakaandika, wakasikiwa. Wazee wa Kiambere hawakuipata nafasi hiyo.

NYAMBENE IJUE SHERIA KABLA YA MASHINE

Vilima vya Nyambene, toka Tigania mpaka Igembe, ni kazi ya volkano. Kila mwenye jembe aujua udongo ule mwekundu. Serikali inapotaja mahali pa kutafuta mvuke nje ya Bonde la Ufa, huitaja Nyambene pamoja na milima ya Homa kule Nyanza. Kuitajwa si kuchimbwa. Mashine bado hazijaja, na pengine vipimo vitaonyesha moto ni mdogo. Lakini wakati mzuri wa kuijua sheria ni kabla mgeni hajapiga hodi.

Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 yasema hivi. Mvuke ulio chini ya ardhi, kabla haujatolewa, ni wa Serikali ya Taifa, hata kama juu yake pana miraa yako. Mwenye kuchimba atalipa mrabaha: katika miaka kumi ya kwanza, si chini ya asilimia moja wala si zaidi ya mbili na nusu ya thamani ya mvuke pale kisimani, baadaye kati ya mbili na tano. Na mrabaha huo utagawanywa: asilimia 75 kwa Serikali ya Taifa, 20 kwa Kaunti, na 5 kwa watu wa mahali hapo.

Tupige hesabu ya darasa la nne. Mvuke wa shilingi 10,000 umetoka Nyambene. Mrabaha tuseme ni asilimia mbili: shilingi 200. Taifa litachukua 150. Kaunti ya Meru itachukua 40. Watu wa kijiji chenye kisima, wote kwa jumla, watapata shilingi kumi. Shilingi kumi katika elfu kumi!

Wengine watasema ni kidogo, nasi twakubali. Lakini watu wa Tana hawakuandikiwa hata hiyo kumi katika sheria hii. Mgao huo ni wa mvuke, si wa maji. Kwa hiyo twasema mambo mawili kwa pamoja. Hiyo kumi iongezwe, na Embu nayo iandikiwe ya kwake kwa mto uliowasha nchi miaka yote hii. Katiba ya mwaka 2010 yaamuru Serikali ihakikishe faida za mali ya asili zinagawanywa kwa haki. Haikusema haki ya mvuke ni halali na haki ya maji ni ndoto.

Tena mvuke si wa stima peke yake. Kule Eburru wakulima walikausha pareto kwa mvuke wa ardhini tangu zamani za ukoloni. Menengai, GDC imeonyesha jinsi ya kukausha nafaka na kuchemsha maziwa kwa joto hilo hilo. Viwanda vyetu vya majani ya chai, Meru na Embu, hukausha chai kwa kuni, malori kwa malori ya miti. Ikiwa siku moja joto litapatikana Nyambene, kiwanda cha chai na cha makadamia viwe wateja wa kwanza. Joto halisafiri mbali kama stima. Hutumika pale linapotoka. Hiyo ndiyo faida ambayo mtu wa mbali hawezi kuivuta kwa waya.

TUNAYOYATAKA

Ili lisiwe neno la baraza la chai tu, twaandika hapa tunayotaka Chama chetu kiyachukue, kiyapeleke kwa vyama vingine, na kwa Wabunge na wajumbe wa Kaunti zote mbili.

Kwanza, Serikali isiache kuchimba. Fedha ya GDC na ya KenGen isikatwe kwa sababu ya matatizo ya mwaka mmoja. Visima vya leo ndivyo taa za miaka kumi ijayo.

Pili, mvuke uliopatikana kwa fedha ya umma usiuzwe kwa siri. Kila mkataba na kampuni ya mtambo uwekwe wazi, bei yake na miaka yake, mwananchi ausome.

Tatu, bei ya usiku iwafikie watu wa nyumba ndogo na wakulima wa pampu, isiwe ya wenye viwanda peke yao.

Nne, reli ipewe stima ya usiku. Kazi ianze na njia ya Mombasa na bondeni. Na ile njia ya zamani ya Nanyuki, iliyofufuliwa mwaka 2020, isisahauliwe, maana ndiyo reli ya karibu kwetu: mtu wa Embu huishika Sagana, na mtu wa Meru huishika Nanyuki.

Tano, mahali popote patakapochimbwa, vijana wa hapo wafundishwe ufundi mapema, waajiriwe kwa barua na kwa kiwango cha chama. Tumechoka na kazi kubwa za Serikali ambazo mzawa hupewa jembe la miezi mitatu na mkataba wa mdomo.

Sita, mtu asihamishwe kabla hati ya ardhi mpya haijawa mkononi mwake.

Saba, mgao wa mahali uongezwe, na Tana iandikwe pamoja na mvuke.

Tunajua watakaotuambia kwamba wafanyakazi washughulike na mishahara, siasa ya stima waiachie wakubwa. Twawajibu kwamba mshahara unaoliwa na tokeni ni mshahara uliopunguzwa. Kiwanda kinachofunga kwa kukosa stima kimefuta kazi bila barua. Haya ni mambo ya mfanyakazi kabisa.

Ndugu zetu wa Igembe na Tigania, wa Imenti, wa Mbeere na Manyatta, na ninyi wa Chuka mlio katikati yetu, liulizeni jambo hili katika matawi yenu. Msingoje mgeni aje na mashine ndipo muulize ni ya nani. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Moto wenyewe tayari umo chini ya miguu yetu. Kilichobaki ni sisi kukutana.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wa reli, wazaliwa wa Meru na Embu.